Masoko na Vitabu Vyake

Mtu wa Masoko asomaye hadi kufika chuo kikuu hukutana na jambo ambalo wenziwe wengi wa sehemu nyingine hawakutani nalo. Katika maktaba, mahali pa vitabu vya mila na jamii za watu, huikuta nchi ya wazazi wake imeandikwa. Wala si katika ukurasa mmoja au miwili, bali katika vitabu vizima, vinene, vilivyochapwa London, Berlin na Nairobi. Hukitwaa kimoja akakifungua, si mwanzoni penye dibaji, bali mwishoni penye faharasa. Kidole chake hushuka taratibu katika majina yaanzayo na Mwa-, kikitafuta jina la ukoo. Pengine hulikuta. Basi swali la kuulizwa ni hili: alichokipata pale ni nini? Ni babu yake, au ni habari ya babu iliyosemwa na mmoja, ikafasiriwa na wa pili, na kupangwa na wa tatu kwa haja zake mwenyewe?

Swali hili si la anasa. Wazee walioijua nchi kabla ya vita vya 1914 hawapo tena. Waliokuwa watu wazima wakati wataalamu walipokuja kuuliza na kuandika, katika miaka ya 1930, nao wamekwisha kwenda. Kwa hiyo katika jamaa nyingi kitabu kimekuwa ndiye mzee aliyebaki. Hapo ndipo penye hatari. Mzee akikosea barazani, mzee mwenziwe humkanusha papo hapo, na vijana wasikilizao hujifunza mawili: habari yenyewe na ubishi wake. Kitabu kikikosea hakina mwenzi wa kukikanusha ila msomaji, na msomaji aliyekuja kutafuta asili yake aghalabu hana moyo wa kukanusha, amekuja kupokea. Kosa likipokewa hivyo huwa urithi. Yafaa basi vitabu vya nchi hii vipimwe, si kwa kuvidharau, kwani vingine ni vyema mno, bali kwa kuviuliza maswali ambayo baraza lingemwuliza mzee yeyote: umeyaona, au umeyasikia? Uliyasikia kwa nani? Na nani hakuulizwa?

Masoko iko kusini-mashariki mwa mji wa Tukuyu, katika wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Ni nchi ya migomba na mvua nyingi, na udongo wake ni zawadi ya milima iliyopata kutema moto. Hapo pana ziwa dogo la duara, lililokaa katika shimo la volkeno. Wenyeji huliita Kisiba. Karibu na ziwa pana boma la mawe lililojengwa na Wajerumani, ambalo baadaye lilikuja kutumika kama mahakama. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Masoko palikuwa kituo cha kampani ya tano ya jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki. Vitabu vya vita huipa Masoko mstari mmoja au miwili: kwamba kampani ya hapo ilivuka mto Songwe ikapigana na Waingereza karibu na Karonga tarehe 9 Septemba 1914, ikashindwa, na kwamba mwaka 1916 Waingereza waliingia Tukuyu, iliyoitwa siku zile Neu Langenburg.

Lakini ukikaa na watu wa pale husikii habari ya kampani wala ya Karonga kwanza. Husikia habari ya ziwa: kwamba Wajerumani walipoona wameshindwa walitupa fedha na silaha zao majini. Kitabu kimehifadhi tarehe, na kinywa kimehifadhi ziwa. Msomaji mwepesi wa kuhukumu atasema cha kwanza ni historia na cha pili ni ngano. Msomaji mtulivu ataona kwamba kila upande umeshika kile ulichokihitaji. Mwandishi wa vita alihitaji kujua jeshi lilikwenda wapi. Wakazi wa Masoko walihitaji kueleza jinsi utawala uliokuwa mkubwa hivyo ulivyoweza kutoweka, na ukaacha jengo tupu. Mwenye kutafuta habari za mahali hana budi kuvipokea vyote viwili, akijua kipi ni kipi.

Vitabu vya kwanza kuitaja nchi ya Wanyakyusa ni vya wasafiri. Frederick Elton alipita mwaka 1877, na safari yake ikachapwa 1879 baada ya kufa kwake. Joseph Thomson alipita 1879, na kitabu chake kikatoka 1881. Wote wawili waliishangaa nchi: migomba iliyopangwa vizuri, nyumba safi zilizojengwa kwa ustadi, ng'ombe wanaotunzwa. Sifa zao ni za kweli, maana wengi waliokuja baada yao walizirudia. Hata hivyo ni sifa za mpita njia. Huyu huona mlango wa nyumba wala haingii ndani, na hajui kwa nini nyumba za vijana ziko mbali na za baba zao. Baada ya wasafiri walikuja wamisionari wa Berlin na wa Moravian, walioingia nchi hii mwaka 1891. Alexander Merensky aliandika kitabu chake kuhusu kazi ya Wajerumani penye ziwa Nyasa mwaka 1894. Kisha akaja daktari Friedrich Fülleborn, ambaye kitabu chake kikubwa juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma kilitoka 1906. Naye mmisionari D. R. MacKenzie, aliyekaa upande wa pili wa Songwe, alitoa chake 1925. Hawa walikaa, wakajifunza lugha, wakaandika mengi ambayo yasingepatikana kwingine.

Msomaji atafutaye ukoo wake katika vitabu hivyo hukutana mara na kikwazo cha kwanza: jina. Wajerumani na wamisionari waliwaita watu hawa Wakonde. Jina Wanyakyusa, lililoshika nafasi hiyo katika wakati wa Waingereza, nalo hapo kwanza halikuwa la wote. Lilikuwa la sehemu tu ya watu, likaenea hata likawafunika Wakukwe, Waselya, Walugulu na wengineo. Kwa hiyo mjukuu asemaye leo kwa fahari kwamba babu wa babu yake alikuwa Mnyakyusa, huenda anampa babu jina ambalo babu mwenyewe asingelijibu kama angeitwa kwalo njiani. Hili si la kumvunja mtu moyo. Ni la kumfundisha kwamba asili si jiwe lililolala mahali pamoja, na kwamba hata jina la kabila lina historia yake, lenye mwanzo na sababu.

Kitabu kilicho kikubwa kuliko vyote katika habari hizi, kwa sifa na kwa athari, ni Good Company cha Monica Wilson, kilichochapwa mwaka 1951. Habari zake zilikusanywa na watu wawili. Godfrey Wilson alifika Unyakyusa mwaka 1934, na mkewe Monica alifika mwaka uliofuata. Wakakaa hadi 1938. Godfrey alifariki 1944, na kazi ya kuyageuza madaftari ya wote wawili kuwa vitabu ikamwangukia mjane. Vikatoka kwa mfuatano: Good Company juu ya vijiji vya rika, Rituals of Kinship mwaka 1957 juu ya kaida za jamaa, Communal Rituals mwaka 1959 juu ya kaida za nchi nzima, na mwisho For Men and Elders mwaka 1977. Ni watu wachache wa Afrika Mashariki walioandikwa kwa subira na upendo wa namna hiyo.

Jina la kitabu cha kwanza ni tafsiri ya neno la Kinyakyusa, ukwangala, nalo ndilo moyo wa kitabu. Ukwangala ni kukaa na wenzi kwa furaha: kuzungumza, kula pamoja, kunywa pamoja, mtu na wa umri wake. Mwandishi aeleza kwamba kwa Wanyakyusa raha hiyo haikuachwa iwe bahati tu, bali ilijengewa vijiji. Vijana wa kiume walipofika umri wa miaka kumi hivi walitoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao kando, wakalala huko, ingawa waliendelea kula kwa mama zao na kulima na kuchunga kwa baba zao. Walipooa waliwaleta wake zao papo hapo, na kile kibanda cha mchezo kikageuka kijiji cha watu wazima. Kila kizazi, baada ya miaka thelathini hivi, ilifanywa sherehe kuu iitwayo ubusoka, ambayo kwayo wazee walikabidhi nchi kwa wana wao. Nchi ya mtawala iligawanywa kati ya wana wawili, miti ikapandwa, moto mpya ukawashwa, na wakuu wa vijiji, amafumu, wakawekwa.

Uzuri wa kitabu hiki ni kwamba hakikuridhika kueleza kanuni. Kinaonyesha pia gharama zake. Watu waliopenda kukaa pamoja ndio hao hao waliokuwa wakichungana. Mwenye kula nyama peke yake alihofu chuki ya majirani, na chuki ya wengi iliitwa pumzi ya watu, iliyoweza kumletea mtu baridi na ugonjwa. Msomaji wa Masoko akifika hapo huacha kusoma kama mwanafunzi. Hukumbuka ng'ombe aliyechinjwa nyumbani, na mkono wa nyanya ukigawa nyama kwa jirani kabla ya watoto kuonja. Jambo alilolijua kuwa ni adabu sasa analiona kuwa lina mizizi. Kitabu kiwezacho kufanya hivyo hakiwezi kutupwa, hata kikikosea mara mia.

Walakini kina makosa, na la kwanza ni la wakati. Mwandishi atumia sana wakati uliopo: Wanyakyusa hufanya hivi, Wanyakyusa huamini hivi. Katika wakati huo usiokwisha, yale yaliyoonekana kwa macho mwaka 1936 na yale yaliyokumbukwa na wazee kutoka siku za ujana wao yamekaa ukurasa mmoja kama ndugu wa umri mmoja. Maelezo ya ubusoka, kwa sehemu kubwa, yametoka katika kumbukumbu za watu. Na kumbukumbu ya jambo la utaratibu huwa na utaratibu kuliko jambo lenyewe. Mzee akumbukapo sherehe ya ujana wake hukumbuka jinsi ilivyopaswa kuwa. Msomaji asipojihadhari ataamini kwamba kila mtawala wa Unyakyusa aliwatoa wanawe wawili kwa wakati wake, na kila nchi ikagawanyika sawasawa kama chungwa lililokatwa kwa kisu.

Aliyekisimamia kitabu hiki barazani na kukibishia ni Simon Charsley, katika The Princes of Nyakyusa, kilichochapwa Nairobi mwaka 1969. Charsley aliifuata historia ya watawala, mmoja mmoja na nchi moja moja, akaonyesha kwamba mambo hayakwenda kwa mpango uliosemwa. Palikuwa na vita, na hila, na bahati. Wako wana waliopata nchi na wako waliokosa. Na kanuni, mara nyingi, ilitajwa baadaye ili kuyahalalisha yaliyokwisha kutendeka. Kitabu chake si kitamu kusoma kama kile cha Wilson. Hakina ukwangala ndani yake. Kina orodha, na nasaba, na mashaka. Lakini kwa mtu atafutaye ukoo ndicho chenye manufaa yasiyotarajiwa. Kanuni humweleza msomaji jinsi ukoo wake ulivyopaswa kuwa. Mashaka humpa nafasi ya kuuliza jinsi ulivyokuwa. Familia ambayo babu yake hakutolewa katika ubusoka wowote, wala hakupata kijiji, haina mahali pa kukaa katika mpango wa mwaka 1951. Katika nchi ya mizozo aliyoieleza Charsley mahali papo.

Monica Wilson hakukaa kimya. For Men and Elders, kitabu chake cha 1977, chaanza na mwaka 1875 na kukoma 1971, na hesabu hiyo ya miaka iliyowekwa wazi katika jina la kitabu ni jibu kwa waliomlaumu. Humo wakati umerudishwa mahali pake. Mwandishi aonyesha vijiji vya rika vikififia: vijana waliokwenda kwenye dhahabu ya Lupa, na migodi ya shaba, na Afrika Kusini, walirudi na fedha zao wenyewe, wakaoa pasipo kungoja ng'ombe wa baba. Kahawa ilipopandwa, ardhi iliyokuwa ikizunguka pamoja na vijiji ilishikwa mahali pamoja, kwa kuwa mkahawa hauhami. P. H. Gulliver alikuwa amekwisha kulieleza jambo hilo la ardhi na uhaba wake mwaka 1958. Kisha mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa katika Tanganyika, na ubusoka ukapoteza cheo kilichokuwa kikikabidhiwa. Si haba kwa mwandishi kukirekebisha kitabu kilichompa jina. Ni heshima kwa wale aliowaandika kuliko sifa zote za mwanzo.

Kosa la pili ni la watu. Faharasa ya majina ya Mwa- ni faharasa ya wanaume, na aghalabu ni ya wanaume wenye nchi au wenye kaida. Mtafutaji wa nyanya yake atapekua kurasa nyingi asimwone. Hapa lazima kusema kwa haki kwamba Monica Wilson alikaa na wanawake na kuwasikiliza kuliko wote waliotangulia. Rituals of Kinship, juu ya ndoa, uzazi, kuvunja ungo na matanga, ndicho kitabu ambacho mama na nyanya wamo; lakini wamo kwa kazi yao, si kwa majina yao. Msomaji atajua jinsi bibi harusi alivyohifadhiwa na mashangazi walivyomfunda. Hatajua alikuwa nani. Kwa nchi ambayo jina la ukoo hufuata baba, huu ni upungufu mkubwa, maana nusu ya asili ya kila mtu imebaki nje ya faharasa, na haitapatikana maktabani. Itapatikana nyumbani, kwa kuuliza upesi.

Dhidi ya makosa hayo mawili kuna kitabu kimoja kinachopaswa kusifiwa peke yake. Communal Rituals ndicho kizito kuliko vyote, nacho husomwa kidogo. Humo yumo Kasitile, kuhani wa mvua. Tofauti na wengi katika vitabu vya namna hiyo, Kasitile hakupunguzwa kuwa mfano. Ni mtu: anaugua, anashuku, anagombana na makuhani wenziwe, anajiuliza kama amekosea katika wajibu wake. Msomaji asiyeamini mvua ya makuhani huamini huzuni ya Kasitile. Kitabu hicho chaeleza pia heshima ya kichaka kitakatifu cha Lubaga na ya Lwembe aliyekuwa na enzi yake huko, mambo ambayo yalifunga nchi hizi ndogo ndogo pamoja hata pasipo mfalme mmoja. Lakini sababu ya kukisifu hapa ni Kasitile mwenyewe. Kwa habari zake msomaji hupewa kipimo: pale ambapo kitabu kinamwonyesha mtu mmoja akisema na kusitasita, kinaaminika zaidi kuliko pale kinaposema Wanyakyusa wote huamini.

Litabaki kosa la tatu, la mwandishi mwenyewe: ni nani aliyeandika? Mwaka 2013 kilitoka kitabu kiitwacho Inside African Anthropology, kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank, juu ya Monica Wilson na wakalimani wake. Sura moja yamhusu Leonard Mwaisumo, karani wa Kinyakyusa aliyefanya kazi na akina Wilson, na ambaye maisha yake mafupi yalikoma 1938. Huyu alikalimani, aliuliza, aliandika maneno ya watu kwa lugha yao, na kuyaeleza kwa wageni. Jina lake haliko juu ya jalada la Good Company. Hapana haja ya kumwita Monica Wilson mwizi kwa hilo. Desturi ya taaluma ya siku zile ndiyo iliyokuwa hiyo. Lakini habari za Mwaisumo zabadili usomaji wote. Mjukuu aliyedhani kwamba anasoma maneno ya mgeni juu ya babu zake, sasa ajua kwamba kati ya mgeni na babu alisimama kijana wa Kinyakyusa mwenye kalamu, aliyechagua neno hili akaacha lile. Kitabu si cha wageni watupu kama kilivyodhaniwa. Wala si cha wenyeji. Kilitoka katika mazungumzo, na upande mmoja wa mazungumzo hayo haukutiwa sahihi.

Na wenyeji wenyewe wameandika nini? Miongoni mwa waandishi wenye asili ya Rungwe yuko Godfrey Mwakikagile, aliyezaliwa Kigoma mwaka 1949 na kukulia Rungwe, kisha akaishi Marekani na kuandika vitabu vingi. Katika Life in Tanganyika in the Fifties aikumbuka nchi ya utoto wake, na kurasa hizo zina kitu ambacho Wilson asingeweza kukiandika: mtoto wa mahali akitazama kwa macho yake. Lakini kitabu hicho, kama kichwa chake kinavyokiri, kinatoa nafasi kwa simulizi za walowezi wa Kizungu pia, na sauti ya mtoto wa Rungwe inalazimika kugawana jamvi na sauti zilizokwisha kusikika sana. Nacho kimeandikwa Kiingereza. Hayo si makosa ya mwandishi mmoja. Ni hali ya jambo zima. Hata mtoto wa nchi akiandika habari za nchi, amezoea kuwaandikia wasiokuwapo.

Yafaa hapa kukumbuka kwamba haikuwa lazima iwe hivyo. Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi, kiliandikwa Kiswahili na kuanza kuchapwa Magila mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Kikachapwa tena mwaka 1962. Mwandishi wake hakuwa Mkilindi kwa kuzaliwa, na habari zake zina upande, lakini Msambaa aliyejua kusoma aliweza kukibishia sentensi kwa sentensi, kwa kuwa lugha ilikuwa yake pia. Hata nchi ya Nyasa haikukosa kuandikwa kwa Kiswahili. Katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901, yumo Salim bin Abakari anayesimulia safari yake ya Nyasa pamoja na msafara wa Wissmann. Ni macho ya mtu wa pwani, mwenye kiburi chake cha pwani, na tena katika huduma ya Wajerumani. Lakini msomaji wa Masoko hahitaji mkalimani kumkasirikia. Hiyo ndiyo faida ya lugha: si kwamba humfanya mwandishi awe mkweli, bali kwamba humfanya abishike.

Siku hizi hata ziwa lenyewe limeingia vitabuni. Wataalamu wametoboa tope la chini ya Kisiba wakasoma humo, tabaka kwa tabaka, habari za mvua na ukame za miaka 45,000 hivi, na kuchapa matokeo yao mwaka 2006. Mwaka 2015 wengine walieleza kwamba samaki wa ziwa hilo, walio wa jamaa moja, wanagawanyika makundi mawili, wale wa pwani wenye rangi ya manjano na kijani, na wale wa kina wenye rangi ya buluu iliyoiva. Habari hizi ni za ajabu, na ni za Masoko; lakini mvuvi wa Kisiba akiulizwa juu yake, yamkini atasema kwamba samaki wa rangi mbili anawajua tangu utoto wake, ila hakuwahi kuulizwa. Ni kisa kile kile cha Mwaisumo, kilichorudiwa majini.

Basi mtu wa Masoko asomeje? Asisome akiwa peke yake. Kitabu cha Wilson na kitabu cha Charsley visomwe pamoja, kama wazee wawili waliokalishwa kwenye mkeka mmoja. Kurasa zitajazo mahali zipelekwe mahali penyewe, zifasiriwe kwa Kinyakyusa au Kiswahili mbele ya watu wazima wa pale, na kila asemaye "hapana, haikuwa hivyo" aandikwe pembeni mwa ukurasa, jina lake na jina la mama yake, na mwaka. Mti uliosemwa kuwa ulipandwa siku ya ubusoka utafutwe, uonekane kama ungalipo, na aulizwe aliye karibu nao alisikia nini juu yake. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi wala shahada kubwa. Yahitaji kijana mwenye daftari, kama Mwaisumo, lakini safari hii mwenye jina lake juu ya jalada.

Mwenye kufanya hivyo hatapata babu aliye kamili. Hapana kitabu kitoacho babu kamili. Atapata ubishi juu ya babu, ulio hai, katika lugha ambayo jirani anaweza kuingia na kusema lake. Hayo ndiyo waliyoyaita ukwangala wenyewe, na hayo ndiyo ambayo vitabu vyao, pamoja na wema wake wote, havijapata bado kukaribishwa kuyashiriki.